Trekta lililotumika: Kagua maji ya matairi kabla ya kulipa

Mnunuzi wa trekta lililotumika hukagua injini, haidroliki na meno ya matairi. Ni wachache wanaouliza ndani ya matairi mna nini, na hapo ndipo bei ya rimu mbili za nyuma hupotelea.

Trekta huongezewa uzito ili lisiteleze likivuta jembe. Njia rahisi ni kujaza maji robo tatu ya tairi la nyuma. Ulaya na Amerika ya Kaskazini maji hayo huganda majira ya baridi, hivyo wakulima wengi wa huko wameyachanganya na chumvi iitwayo kalsiamu kloraidi. Mchanganyiko huo haugandi upesi, na lita moja hufikia kilo 1.2 hadi 1.3. Ubaya wake ni kutu. Tyubu ikivuja kidogo tu, rimu huanza kuliwa, mara nyingi kuanzia tundu la valvu.

Dalili zake huonekana bila kufungua kitu: unga mweupe kuzunguka valvu, rangi iliyovimba, na unyevu usiokauka hata juani, kwa sababu chumvi hii hufyonza maji ya hewani. Ukiziona, punguza gharama ya rimu kwenye bei kabla ya kushikana mikono. Muuzaji akikwambia "ni maji tu," mwombe afungue valvu kidogo.

Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki hakuna baridi ya kugandisha tairi, kwa hiyo hakuna sababu ya kubaki na chumvi hiyo. Kuitoa nyumbani kunawezekana. Zuia magurudumu mengine, inua ekseli kwa jeki na uitegemeze kwa magogo imara. Zungusha gurudumu valvu iwe chini, vaa miwani na glavu, toa hewa polepole, kisha kinga maji kwenye mapipa. Usiyamwage shambani wala karibu na kisima. Chumvi hiyo huua mazao.

Kiasi kidogo hubaki ndani. Kulivua tairi ili rimu ioshwe, isuguliwe na kupakwa rangi ni kazi ya fundi wa matairi makubwa. Rimu isichomelewe tairi likiwa bado juu yake, hata kama halina upepo: linaweza kulipuka na kuua.

Weka tyubu mpya, valvu iwe juu, jaza maji safi hadi usawa wa valvu huku ukiachia hewa mara kwa mara, kisha pampu upepo kama mtengenezaji anavyoelekeza.

Sasa hesabu ya uzito. Tairi la 12.4-28 huchukua takribani lita 150. Kwa maji matupu ni kilo 150. Kwa chumvi zilikuwa 180 hadi 195. Unapoteza kilo 30 hadi 45 kila upande. Kwa jembe zito pengo hilo huzibwa kwa vyuma vya uzito vya gurudumu. Bei yake ni kubwa kuliko maji, lakini huvuliwa kwa spana na kuuzwa tena siku trekta likiondoka.