Vigaga vya Viazi: Fikiria Chokaa Kabla ya Kupanda

Shamba la viazi lenye majani mabichi na mashina yenye nguvu laweza kumvunja moyo mkulima siku ya kuchimba. Viazi hutoka vikiwa na madoa ya kahawia, magumu na yenye kukwaruza kama kigaga cha kidonda. Mnunuzi huvitenga au huvishusha bei.

Ugonjwa huu husababishwa na bakteria aina ya Streptomyces, anayeishi udongoni kwa miaka mingi. Humwingia kiazi kingali kichanga, kupitia vitundu vya kupumulia vya ganda. Usiuchanganye na mnyauko, ambao hukausha mmea na kuacha duara la kahawia ndani ya kiazi kilichokatwa. Vigaga hukaa juu ya ganda. Kiazi kikimenywa, huliwa bila madhara.

Chokaa inahusikaje?

Chekalini, kama sehemu nyingi za Lugari, ni nchi ya mahindi. Mashamba mengi ya magharibi mwa Kenya yana asidi nyingi, na mbolea ya DAP inayotumiwa mwaka baada ya mwaka huiongeza. Ndiyo maana wakulima hushauriwa kuweka chokaa, na kwa mahindi ushauri huo ni sahihi.

Lakini bakteria wa vigaga hapendi asidi. Udongo wenye pH ya chini ya 5.2 humzuia, ilhali kuanzia 5.5 kwenda juu hunawiri. Viazi vyenyewe hustahimili asidi kuliko mahindi. Kwa hivyo, chokaa iliyowekwa muda mfupi kabla ya kupanda viazi yaweza kuwa mwaliko wa ugonjwa.

Mkulima afanye nini?

1. Pima udongo kwanza. Chota sehemu kadhaa za shamba, kina cha sentimita 20, uchanganye na upeleke kwenye maabara, kama zile za KALRO. Usiweke chokaa kwa kukisia.

2. Panga zamu ya mazao. Ikiwa shamba lahitaji chokaa, iweke msimu wa mahindi, si wa viazi. Usirudishe viazi mahali pale pale kabla ya miaka mitatu au minne. Karoti na bitiruti pia hushikwa na ugonjwa huu, hivyo hazifai kwa zamu hiyo.

3. Tumia mbegu safi, iliyoidhinishwa na KEPHIS. Kiazi chenye vigaga hakifai kuwa mbegu, kwani hupeleka ugonjwa kwenye shamba lisilokuwa nao.

4. Epuka samadi mbichi. Usilishe mifugo viazi vibichi vyenye vigaga kisha urudishe samadi yake shambani, kwa kuwa bakteria hupita tumboni akiwa hai.

5. Linda unyevu. Viazi vinapoanza kutunga, udongo usikauke kwa wiki nne hadi sita. Panda mapema mvua ikianza, na mwagilia ikikatika ukiwa na maji.

Hakuna dawa ya kuponya kiazi ambacho tayari kina vigaga. Kinga huanza kabla ya jembe kuingia shambani. Mkulima mwenye swali, au aliyeona dalili hizi, amwone afisa wa kilimo wa wadi yake akiwa na viazi vichache vilivyoathirika, na aeleze ni lini aliweka chokaa mara ya mwisho.