Kumbukumbu Baada ya Kiwewe: Kwa Nini Simulizi la Manusura Hubadilika

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia wilayani Ngara katika muda wa takriban saa 24. Eneo la Benako likageuka kuwa mojawapo ya kambi kubwa za wakimbizi duniani. Miezi michache kabla ya hapo, kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993, kulikuwa kumewafanya Warundi wengi nao kukimbilia Tanzania. Wenyeji hawakusalimika na yale yaliyotokea: waliona maiti zikielea katika mto Kagera.

Watu walioshuhudia siku ileile mahali palepale huweza kuisimulia kwa namna tofauti. Hata mtu mmoja huweza kutaja leo jambo ambalo mwaka jana hakulitaja. Je, anadanganya? Swali hilo humkabili muuguzi wa zahanati, hakimu, na afisa anayewahoji waomba hifadhi. Jibu lake huanzia katika kumbukumbu ya kawaida.

Kumbukumbu ya kila siku

Wengi hudhani kwamba ubongo hutunza matukio kama picha katika albamu. Kwa kweli, macho na masikio hupokea mengi, lakini kinachodumu zaidi ni kile ambacho mtu alikizingatia. Mama arudiye kutoka gulioni Biharamulo huweza kutaja bei ya mkungu wa ndizi pasipo kukosea, ila asiikumbuke rangi ya shati la muuzaji. Bei ilimhusu, shati halikumhusu. Mwanasaikolojia Frederic Bartlett wa Cambridge, katika kitabu chake cha 1932, alieleza habari za mchungaji mmoja wa Swaziland, nchi ambayo leo huitwa Eswatini. Mchungaji huyo alitaja ng'ombe walionunuliwa takriban mwaka mmoja nyuma, pamoja na bei zao, kwa makosa madogo tu. Hilo halitamshangaza mfugaji wa Kagera.

Bartlett alionyesha pia kwamba kukumbuka ni kujenga upya. Kila mtu anaposimulia, huunganisha vipande alivyonavyo na kuziba mapengo kwa yale anayoyajua. Hata swali huweza kubadili jengo hilo. Mwaka 1974, Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari. Walioulizwa kwa neno zito, lenye maana ya kugongana na kupondeka, walikadiria mwendo mkubwa kuliko walioulizwa kwa neno la upole. Baada ya wiki moja, wengi zaidi miongoni mwao walisema waliona vioo vilivyovunjika, ilhali havikuwapo.

Hofu inapozidi

Mtu anapokabiliwa na kifo, homoni za hofu hufurika mwilini. Sehemu ya ubongo iitwayo amigdala huimarisha kumbukumbu ya kitu cha kutisha, lakini hipokampasi, inayofungamanisha tukio na wakati na mahali pake, huweza kulemewa. Chukua mfano wa abiria aliyetekwa na majambazi katika misitu ya Biharamulo, enzi ambazo mabasi yalisindikizwa na polisi. Anaukumbuka vizuri mdomo wa bunduki, lakini hawezi kuieleza sura ya aliyeishika.

Kwa hiyo kiwewe huacha alama mbili zinazoonekana kupingana: vipande vikali mno, na mapengo katika mpangilio na tarehe. Vipande hivyo hurudi bila kuitwa. Harufu ya moshi au mlio wa mvua juu ya turubai humrudisha mtu kambini, akahisi kwamba jambo linatokea sasa. Hiyo ni mojawapo ya dalili za msongo wa baada ya kiwewe. Si kila aliyeona mabaya huupata. Wengi hupata nafuu kadiri muda unavyopita, hasa wakiwa na watu wa kuwategemeza.

Kubadilika si uongo

Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliwahoji mara mbili wakimbizi wa Kosovo na Bosnia waliokwisha kupewa ruhusa ya kukaa Uingereza, ambao hawakuwa na sababu ya kudanganya. Hata hivyo masimulizi yao yalitofautiana, hasa katika mambo ya pembeni. Kwa wenye dalili kali, tofauti ziliongezeka kadiri muda kati ya mahojiano ulivyorefuka. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyokaa Arusha, nayo ilizingatia athari za kiwewe katika ushahidi ilipotoa hukumu ya Jean-Paul Akayesu, tarehe 2 Septemba 1998.

Upande wa pili nao usisahaulike: uhakika wa msemaji peke yake hauthibitishi kila analosema. Ushahidi mwingine bado unahitajika.

Kumsaidia manusura

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi wenyewe walifunzwa kuwahudumia wenzao wa Rwanda na Somalia. Moja ya mbinu zilizotumika ni kumsaidia mtu kuyasimulia maisha yake tangu kuzaliwa, na kuliweka kila tukio mahali pake na katika wakati wake. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha kwamba waliohudumiwa walipata nafuu kuliko wasiohudumiwa. Mtu hasahau yaliyompata, bali huanza kuyatambua kuwa yamepita.

Mambo ya kuzingatia

1. Anza na ombi lililo wazi: "Nieleze ilivyokuwa." Usimtajie panga au bunduki kabla hajaitaja mwenyewe.
2. Asipokumbuka tarehe, tumia msimu wa mvua, mavuno au kuzaliwa kwa mtoto.
3. Usimlazimishe mtu kusimulia, wala usimwite mwongo kwa sababu ya jambo dogo lililobadilika.
4. Ndoto za kutisha au kushtukashtuka kukidumu zaidi ya mwezi mmoja na kuzuia kazi au usingizi, mpeleke kituo cha afya.

Swali la kujadili: Mkumbuke tukio moja mliloliona pamoja kijijini, kila mmoja aliandike peke yake, kisha mlinganishe. Ni mambo gani yametofautiana, na ni nani kati yenu aliyedanganya?