SOMO LA AFYA: MZEE NAYE ALE



Tunapopita nyumba kwa nyumba, wazee wengi hutuambia: "Mimi nimeshiba, wape watoto." Tukiuliza zaidi, tunasikia kwamba mzee huyo amekunywa chai kavu tu tangu asubuhi. Kuwapenda wajukuu ni vizuri. Lakini mzee asiyekula hukonda, miguu hukosa nguvu, na siku moja huanguka. Hapo wajukuu watalelewa na nani? Ukila, unawasaidia na wao.

Fanya hivi kwa vyakula tulivyo navyo:

1. MAHARAGE hujenga mwili. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, pika kwa maji mapya. Yataiva upesi na kuni zitabaki. Kama meno yamepungua, yaponde.

2. NDAGALA huimarisha mifupa, kwa sababu tunazila pamoja na mifupa yake. Zikaushe juu ya moto, zitwange ziwe unga, tia vijiko viwili katika uji au mboga.

3. LENGALENGA na majani ya maboga yaoshe kwanza, ndipo uyakate. Usiyapike muda mrefu. Tia mafuta kidogo, maana vitamini A huingia mwilini kwa msaada wa mafuta. Sombe peke yake lazima itwangwe na kuiva sana, kwa kuwa mbichi ina sumu. Ukiwa huna shamba, panda lengalenga katika gunia la udongo mlangoni, umwagilie kwa maji uliyooshea mboga.

4. CHAI usinywe pamoja na chakula. Huzuia madini ya chuma yanayoongeza damu. Ngoja saa moja. Limau au pera pamoja na chakula husaidia.

5. MAJI safi kunywa hata kama huna kiu, kwa sababu uzeeni kiu hupungua. Chumvi iwe kidogo.

Ukishindwa kumaliza sahani, kula kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku. Mwenye ugonjwa wa sukari, presha au figo aulize kwanza kituo cha afya. Anayekonda bila sababu aende huko bila kukawia.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

- Jana mzee wa nyumba yetu alikula nini?
- Nani alimwona akila?