YAURTI YA KWELI: SOMA ETIKETI KABLA YA KULIPA



Ni Jumamosi, na mshahara umeingia. Unapita katika magazini moja ya Ibanda, hapa Bukavu, kumnunulia yaurti mtoto wako aliyeachishwa ziwa. Frigo imejaa vikopo vya rangi nzuri. Hiki kina picha ya matunda, kile ni cha vanila, kingine kimeandikwa 0 %. Unamwuliza mwuzaji: «Hakuna ile nyeupe tupu, yenye mafuta yake yote, isiyotiwa sukari?» Anatikisa kichwa. Basi unachukua kile chenye picha, unalipa, unakwenda nyumbani.

Umenunua nini? Hilo ndilo somo letu la leo.

YAURTI NI NINI?

Yaurti ni maziwa yaliyogandishwa na vijidudu vizuri. Vijidudu hivyo hula sehemu ya sukari ya maziwa na kuigeuza kuwa uchachu. Uchachu ndio unaogandisha maziwa. Kwa hiyo mtu ambaye tumbo lake huvimba akinywa maziwa mabichi au ya moto, mara nyingi anaweza kula yaurti bila taabu.

Yaurti ya kweli inahitaji vitu viwili tu: maziwa, na mbegu ya kugandisha. Hapa Kivu jambo hilo si geni. Wazee wetu walikuwa na mashanza katika kibuyu kabla ya magazini ya kwanza kufunguliwa mjini.

Maziwa kamili ya ng'ombe yana gramu 35 hivi za mafuta katika litri moja, na mara nyingi maziwa ya ng'ombe wetu wa kienyeji yana zaidi. Mafuta hayo si uchafu wa kuondolewa. Yanampa mtoto nguvu, na ndani yake mna vitamini A, inayolinda macho. Ukiondoa mafuta, vitamini hiyo inaondoka pamoja nayo.

KWA NINI HAIONEKANI MADUKANI?

Sababu ya kwanza ni biashara. Katika viwanda vikubwa vya ng'ambo, mafuta ya maziwa hutolewa ili kutengeneza siagi na krema, vitu vyenye bei kubwa. Maziwa yanayobaki hukaushwa kuwa unga. Viwanda vingine huchanganya unga huo na mafuta ya mawese au mafuta mengine ya mimea, ambayo bei yake ni ndogo, kisha huutia katika magunia na kuuleta Afrika. Unga huo si sumu, na una protini ya maziwa. Lakini si maziwa kamili. Hata kanuni za chakula za dunia, Codex Alimentarius, ziliupa jina lake la pekee mwaka 2006: mchanganyiko wa maziwa yaliyoondolewa mafuta na mafuta ya mimea. Yaurti iliyotengenezwa kwa unga huo haiwezi kuwa na mafuta ya ng'ombe ambayo hayamo ndani yake.

Sababu ya pili ni mtindo. Mwaka 1977 kamati moja ya Seneti ya Marekani iliwashauri watu wa huko wapunguze mafuta ya wanyama, na wanywe maziwa yaliyoondolewa mafuta. Viwanda vikafuata. Yaurti bila mafuta haina utamu, basi nyingi zikatiwa sukari, rangi na harufu. Shauri lililotolewa kwa watu wazima wa nchi yenye shibe likafika mpaka kwenye kikopo cha mtoto wa Kadutu.

Sababu ya tatu iko hapa kwetu. Vita vilivyoanza mwaka 1996 vilimaliza ng'ombe wengi vijijini. Maziwa yanayobaki Kabare na Walungu hushuka mjini kwa njia mbaya, katika bidoni, chini ya jua. Mwenye duka anaona heri gunia la unga, ambalo haliharibiki.

MANENO MADOGO YA ETIKETI

Usitazame picha ya ng'ombe. Geuza kikopo, usome maandishi madogo. Mara nyingi yameandikwa kwa Kifaransa. Haya ndiyo ya kujua:

1. «Lait entier»: maziwa kamili. Hili ndilo neno unalotafuta.
2. «Lait écrémé» au «0 %»: maziwa yaliyoondolewa mafuta.
3. «Matière grasse végétale»: mafuta ya mimea. Mafuta ya ng'ombe yaliondolewa, haya yakawekwa mahali pake.
4. «Nature»: haikutiwa harufu wala matunda. Lakini angalia, maana «nature sucré» ina sukari.
5. «Sucre»: vitu huandikwa kwa kufuata wingi wake. Sukari ikiwa ya pili, ujue ni nyingi.

Fanya hesabu kidogo. Katika gramu 100, yaurti isiyotiwa kitu ina gramu 5 hivi za sukari ya maziwa yenyewe. Ukisoma 13, gramu 8 zimeongezwa. Kikopo cha gramu 125 kitakuwa na gramu 10 za nyongeza, yaani karibu vipande viwili vya sukari ya chai. Ungempa mtoto vipande viwili vya sukari mkononi, ukasema umempa maziwa?

TENGENEZA NYUMBANI

Ikiwa duka halina, jiko lako linaweza. Tafuta litri moja ya maziwa ya ng'ombe, kwa mwuzaji unayemjua.

1. Nawa mikono kwa sabuni. Chuja maziwa kwa kitambaa safi.
2. Chemsha mpaka yapande, kisha punguza makala, uyaache yachemke polepole kwa dakika kumi huku ukikoroga. Usiruke hatua hii. Maziwa mabichi yanaweza kuleta kifua kikuu cha ng'ombe na brusela. Brusela ni homa inayokwenda na kurudi, pamoja na jasho la usiku na maumivu ya viungo. Wengi huidhania malaria, wakala dawa za malaria bure. Uchachu wa mashanza peke yake hauwezi kuaminiwa kuua vijidudu hivyo. Moto unaviua. Hapa Bukavu tuko juu ya mita 1.400, maji huchemka kwa digrii 95 hivi. Usihofu, zinatosha.
3. Weka sufuria katika beseni ya maji baridi. Dondosha tone moja la maziwa kwenye kifundo cha mkono wako. Likiwa moto bila kuunguza, wakati umefika.
4. Tia vijiko viwili vikubwa vya yaurti isiyo na sukari ambayo haijapita tarehe yake. Hiyo ndiyo mbegu. Ukikosa ya mafuta, hata ya 0 % inafaa, kwa kuwa hapa unatafuta vijidudu tu. Koroga taratibu.
5. Funika, zungushia blanketi, weka katika kikapu au katoni. Bukavu usiku kuna baridi, na vijidudu hivi hupenda joto. Bila blanketi hutapata kitu. Usitikise. Baada ya saa sita hadi nane itakuwa imeganda, na mafuta yamepanda juu.
6. Weka mahali pa baridi. Kama huna frigo, au umeme umekatika, kula siku hiyo hiyo. Kabla ya kula, toa vijiko viwili kwa kijiko safi, viwe mbegu ya kesho.

Isipoganda, usilaumu mkono wako mara moja. Labda maziwa yaliongezwa maji, labda yalikuwa moto mno ukaua mbegu, labda ng'ombe alikuwa anapigwa sindano za antibiotiki. Dawa hiyo hupita katika maziwa na kuua vijidudu vizuri. Ukiona ukungu, rangi nyekundu au povu la hewa, mwaga.

Na mtoto? Mpaka miezi sita, ziwa la mama peke yake. Baada ya hapo yaurti ya mafuta kamili yaweza kuingia katika chakula chake, na ziwa liendelee. Mtu mzima mwenye ugonjwa wa moyo afuate shauri la daktari wake juu ya mafuta.

VYOMBO: HAPA PANAUA

Mfanyakazi wa mgodi, sikia vizuri. Usilete nyumbani kopo, ndoo wala bidoni iliyobeba asidi, mafuta ya mashine, zebaki au dawa yoyote ya kusafishia madini, hata ukiiosha mara kumi. Pia usiweke maziwa machachu katika ndoo ya bati lililopakwa zinki. Uchachu huyeyusha zinki, na zinki hiyo huleta kutapika na maumivu ya tumbo. Tumia chombo cha udongo, kioo, enameli isiyobanduka, au inoksi.

KOSA LA ZAMANI

Wenzetu wengine husema: «Mimi nakunywa maziwa baada ya kazi, yanaosha vumbi.» Sivyo. Maziwa huenda tumboni, vumbi huenda mapafuni. Ni njia mbili tofauti, hazikutani. Vumbi la mawe likishaingia ndani ya mapafu na kuleta silikosi, hakuna kikombe cha maziwa wala cha yaurti kitakacholiondoa. Kinachokulinda ni maji yanayolowesha jiwe wakati wa kutoboa, hewa inayopitishwa vema, na maski iliyokaa sawa usoni. Kula yaurti kwa sababu ni chakula kizuri. Maski vaa kwa sababu unataka kupumua.

TUJIULIZE

Leo jioni, keti pamoja na bibi yako na watoto. Chukueni kikopo kilichoko nyumbani. Mtoto anayekwenda shule asome etiketi kwa sauti. Je, yameandikwa maziwa kamili? Kuna mafuta ya mimea? Sukari ni ya ngapi katika orodha? Kisha mwamue wenyewe kama bei mliyolipa ilikuwa ya maziwa au ya picha.

Fedha ya mshahara ni jasho lako. Usiinunulie jina. Inunulie chakula.