Je, mchumba wangu anasoma meseji zangu?

*Nimesikiliza kitabu cha sauti cha mapenzi ambamo mume anamchunguza mkewe kupitia simu. Mchumba wangu anajua namba yangu ya siri, na hunitajia mambo niliyowaandikia wengine. Yawezekana kweli? – Msomaji, Tanga*

Hofu yako ina msingi, ila tofauti na hadithini, hapa hahitajiki mdukuzi stadi. Mwenye namba yako ya siri anaweza kuiunganisha WhatsApp yako na kompyuta yake kwa dakika chache, na meseji zikamfikia hata ukiwa mbali. Fungua WhatsApp, tazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa, uondoe usichokitambua; halafu badilisha namba ya siri ya simu na nywila ya barua pepe, na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Wapo watakaosema wapendanao hawafichani. Lakini siri za waliokuandikia si zako kuzigawa, na akiwa na shaka anaweza kukuuliza. Tahadhari nzito: kama amewahi kukutisha au kukupiga, usiondoe kifaa chake ghafla, maana atajua umegundua. Piga kwanza picha ya orodha hiyo ya vifaa kwa simu ya mtu unayemwamini, kisha nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.