KWA NINI DAWA YA JOSHO INASHINDWA?

Mara nyingi tunawasikia wafugaji wakisema, "Kupe wa siku hizi wameizoea dawa." Ng'ombe wanaogeshwa, lakini kupe bado wamejaa masikioni. Ndama anavimba tezi, anashikwa na homa, anakufa kwa ndigana kali. Leo tujifunze sababu, maana asiyejua sababu hupoteza fedha na ng'ombe pia.

Kupe hazoei dawa

Kupe haizoei dawa kama mtu anavyozoea pilipili. Dawa ikimpata, ama anakufa, ama anapona. Lakini kupe hawafanani, kama vile watoto wa baba mmoja wasivyofanana. Wachache sana huzaliwa na maumbile ya kuishinda dawa fulani. Tena huweza kuwapo hata kabla dawa hiyo haijaletwa.

Tuseme ng'ombe ana kupe 1,000. Tunamwogesha, wanakufa 995, wanabaki 5. Basi hao 5 ndio watakaozaa! Kupe jike mmoja huweza kutaga mayai zaidi ya 2,000, na watoto wengi hurithi nguvu ya wazazi wao. Tukirudia dawa ile ile mwaka hadi mwaka, kupe dhaifu wanakwisha, wagumu wanajaa.

Kazi hii sisi wakulima tunaijua. Wakati wa mavuno tunachagua mahindi mazuri, tunayaweka kwa mbegu. Kupe nao wanachaguliwa, ila anayechagua ni dawa, bila sisi kukusudia. Porini, ukame, magonjwa na maadui huwachagua wanyama vivyo hivyo. Wataalamu huita jambo hili uteuzi wa asili. Charles Darwin wa Uingereza alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1859.

Hata ng'ombe wetu wa asili wamepitia njia hiyo. Pale ambapo ndigana kali imekuwapo kwa vizazi vingi, ndama dhaifu walikufa, waliopona wakazaa. Ndiyo maana ng'ombe wa asili wa sehemu hizo huistahimili kuliko wa kigeni.

Yaliyotokea Afrika Kusini

Huko Afrika Kusini wafugaji walianza kuogesha ng'ombe kwa sumu ya arseniki mwanzoni mwa miaka ya 1900. Ilifaa kwa miaka mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1930, kupe wa buluu wakaanza kuishinda. Katika miaka ya 1940 ikaletwa dawa nyingine, BHC. Hiyo nayo ikashindwa baada ya miaka michache tu.

Tena sumu ile haikuua kupe peke yao. Wako ndege wanaopanda migongoni mwa ng'ombe, nyati na vifaru, wakidonoa kupe. Aina moja, yenye mdomo wa njano, ilitoweka Afrika Kusini mwanzoni mwa karne ya 20. Ugonjwa wa sotoka ulikuwa umeua nyati na ng'ombe wengi, kisha ikaja arseniki. Ndege hao walionekana tena katika mbuga ya Kruger mwaka 1979.

Mnaona? Nyasi humlisha ng'ombe, ng'ombe humlisha kupe, kupe humlisha ndege. Ukimgusa mmoja, umewagusa wote.

Tufanye nini?

1. Tupime dawa kama maelekezo yanavyosema. Dawa iliyozidishwa maji huwaacha hai hata kupe wenye nguvu kidogo tu, nao wanazaa.

2. Kupe wasipokufa, tusiongeze dawa kwa kukisia. Tumwone bwana mifugo. Akishauri tubadilishe, tubadilishe aina ya dawa yenyewe, si jina la kopo tu.

3. Tumwulize pia habari za chanjo ya ndigana kali.

4. Tusimwage maji ya josho mtoni. Sumu haichagui kupe na samaki.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini si sahihi kusema kupe mmoja "ameizoea" dawa?

2. Josho la kijijini kwenu linatumia dawa gani, na nani anaipima?

3. Je, ndege wanaodonoa kupe bado wapo kwenu? Kama wamepungua, kwa nini?