SOMO LA IJUMAA: GEGO LA MWISHO NA KIDONDA KISICHOPONA

Kwa jina la Allah, Mwingi wa Rehema, Mwenye kurehemu.



Baada ya kumshukuru Allah (s.w.t.) na kumsalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), somo letu la leo ni juu ya kinywa. Huenda mtu akauliza: Imamu ana habari gani na meno? Kinywa ndicho tunachosomea Qur'ani, na ndicho tunachokisafisha kwa mswaki kabla ya sala. Tena mimi mwenyewe nina deni, na leo nataka kulilipa mbele yenu.

DENI LANGU

Miaka michache iliyopita mama mmoja aliniletea kijana wake, mvuvi wa ndagala, baada ya sala ya alasiri. Shavu lilikuwa limevimba, na kinywa hakifunguki. Kidole kimoja kilipita kwa shida. Gego la mwisho lilimuuma siku ya nne. Alikuwa amenunua vidonge vinne dukani, na alikuwa akingoja siku za mbalamwezi, wakati mitumbwi haiendi kuvua, ndipo aende kituo cha afya asipoteze riziki. Mama akasema, "Shehe, msomee mwanangu." Nikamsomea, nikampa maji ya dua, nikawaambia, "Subirini, Allah atamponya." Wakarudi nyumbani.

Usiku wa pili yake uvimbe ulishuka shingoni. Kijana hakuweza kumeza hata mate yake, na akilala chali pumzi inakatika. Walimpakia kwenye pikipiki, nduguye akimshika kwa nyuma, mpaka hospitali. Huko walimpasua chini ya kidevu, wakatoa usaha, wakamtia dawa kwenye mshipa, na baadaye gego likang'olewa. Alhamdulillahi, alipona. Lakini kila Ijumaa namuona safu ya pili, na lile kovu la chini ya kidevu linaniuliza: kwa nini hukumwambia aende hospitali?

Kumsomea hakukuwa kosa. Kosa langu lilikuwa kumwambia asubiri. Mabedui walipomuuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu, aliwaamuru wajitibu, akawafahamisha kwamba kila maradhi Allah ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Subira ni ya moyo. Kuuacha usaha utembee mwilini si subira.

GEGO HILI NI GANI?

Waarabu huliita jino la akili, na Wafaransa jino la hekima, kwa sababu linaota mtu akiwa ameshabaleghe, kwa kawaida kati ya miaka 17 na 25. Kwa wengi ni manne, mawili juu na mawili chini, nyuma kabisa. Taabu inakuja taya likiwa halina nafasi. Gego linalala upande, linalisukuma jirani yake, au linatoa kichwa nusu na nusu inabaki chini ya ufizi. Ufizi unaolifunika unakuwa kama mfuko: bugali na mabaki ya samaki yanaingia, mswaki haufiki, vijidudu vinazaana. Ufizi unavimba, kinywa kinanuka, misuli ya kutafuna inakaza mpaka kinywa hakifunguki.

Usaha ukikosa njia ya kutokea kinywani, unashuka. Mwaka 1836 daktari wa Ujerumani aitwaye Wilhelm von Ludwig alieleza uvimbe unaokaza chini ya ulimi na shingoni, na mpaka leo madaktari wanauita kwa jina lake. Mara nyingi chanzo chake ni magego ya chini. Unaua kwa kuziba njia ya pumzi.

LITIBIWEJE?

Si kila gego lililolala linapaswa kung'olewa. Kama haliumi, halivimbi, na jirani yake hajaoza, huachwa na kuangaliwa. Katika sharia fidia ya jino moja ni ngamia watano, basi jino si kitu cha kutupwa ovyo. Tabibu wetu wa Andalusia, Abul Qasim al-Zahrawi, aliyefariki karibu na mwaka 1013, aliwaonya watabibu wasikimbilie kung'oa, na wahakikishe kwanza ni jino gani linalouma, kwani maumivu humdanganya mgonjwa akaonyesha jino zima.

Lakini gego linalovimba mara kwa mara, au linaloozesha jirani yake, kuling'oa ni madhara madogo yanayoondoa madhara makubwa, na hiyo ni kanuni ya fiqhi. Daktari akiweza hupiga picha ya radio kuona mizizi imelalaje, kwa kuwa mshipa wa fahamu wa mdomo unapita karibu. Kama kuna uvimbe mkali, husafisha chini ya ufizi, hutoa usaha, na huandika dawa ya kuua vijidudu pale inapohitajika.

Nyumbani, ukingoja kwenda, sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi moja, na umeze paracetamol kwa kipimo chake. Usiweke aspirini juu ya ufizi, inauchoma. Usitie maji ya betri, petroli wala tumbaku. Na wewe unayenunua vidonge vinne vya amoksilini kwa sababu pesa ndiyo hiyo, fahamu kwamba unaweza kutuliza maumivu siku mbili huku usaha ukibaki palepale.

DALILI ZA KWENDA SIKU HIYO HIYO

1. Kinywa hakifunguki upana wa vidole viwili.
2. Uvimbe umeshuka chini ya taya, au chini ya ulimi, au shingoni, au umepanda jichoni.
3. Kumeza kunashindikana, mate yanatoka yenyewe, sauti imebadilika.
4. Pumzi nzito, au homa yenye kutetemeka.

Hapo hakuna kungoja mbalamwezi, wala siku ya soko, wala Imamu amalize darasa.

BAADA YA KUNG'OA

Uma kitambaa safi cha hospitali kwa nusu saa au zaidi. Siku nzima ya kwanza usisukutue, usiteme kwa nguvu, usivute sigara, kwa sababu damu iliyoganda ndiyo kifuniko cha jeraha. Kula uji na vitu laini. Kesho yake anza maji ya chumvi, taratibu. Maumivu yakizidi siku ya tatu badala ya kupungua, rudi.

Swali: Na udhu je, nisiposukutua?
Jibu: Katika madhehebu ya Imamu Shafi kusukutua ni sunna, si nguzo. Udhu wako ni sahihi. Iache sunna hiyo mpaka jeraha likubali.

Swali: Jino likiniuma Ramadhani, ningoje Idi?
Jibu: Usingoje. Mwaka 1997 Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilikutana Jeddah, likaamua kwamba kutoboa jino, kung'oa gego na kusafisha meno hakubatilishi saumu, maadamu mtu anajihadhari asimeze kinachofika kooni. Na ukiwa mgonjwa kweli, Qur'ani imekuruhusu kula na kulipa siku nyingine.

KIDONDA KISICHOPONA

Vidonda vidogo vya mdomoni vinavyouma tunavijua sote, na vingi hupona vyenyewe kwa wiki moja au mbili. Basi shika kipimo hiki: kidonda kilichopita wiki mbili bila kupona kionyeshwe hospitali, hata kama hakiumi. Hasa kama kiko ubavuni mwa ulimi au chini yake, na hasa kwa mvuta tumbaku au aliyezoea ulevi. Vivyo hivyo doa jeupe au jekundu lisilofutika. Saratani ya kinywa mwanzoni mara nyingi haina maumivu, ndiyo maana inatudanganya.

Utando mweupe kama maziwa unaofutika ni ukungu. Huwapata watoto wachanga, na pia watu ambao kinga ya mwili imepungua. Mtu mzima akiuona, apime damu bila aibu. Virusi vya ukimwi vina dawa za kumweka mtu katika afya, na jirani asiyejua kunyamaza huyo ndiye mwenye dhambi.

Kwa watoto kuna mambo mawili. La kwanza, mtoto aliyedhoofika kwa njaa au aliyetoka kuugua surua, ufizi wake ukitoka kidonda chenye kunuka na shavu likavimba, usilale naye nyumbani. Huo unaweza kuwa ugonjwa unaoitwa noma. Unakula shavu kwa siku chache, na wengi wasiotibiwa hufa. Lakini ukiwahiwa, dawa za vijidudu, usafi wa kinywa na chakula huuzuia. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Sisi ambao watoto wetu wamekimbia vita mara nyingi tusiusahau. La pili, taya la mtoto likivimba haraka na meno yakalegea, si lazima iwe meno. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa Kampala, aliandika juu ya uvimbe huo wa watoto wa Afrika. Ni saratani, lakini ni katika zile zinazosikia dawa vizuri mtoto akiwahishwa.

MWISHO

Ndugu zangu, mwili ni amana, na Allah ametukataza kujitia wenyewe katika maangamizi. Najua pesa ni tatizo, na najua barabara zetu wakati wa mvua. Ndiyo maana nawaomba: jirani mwenye pikipiki asihesabu nauli mbele ya mtu anayeshindwa kupumua, na sisi jamaa wa msikiti tuchangie baadaye.

Na mimi tangu kovu lile nimebadilisha desturi yangu. Anayeletwa kwangu na uvimbe, kwanza namwambia, "Fungua kinywa." Kisha namuuliza amekwenda hospitali lini. Dua nitamsomea akiwa njiani.

Allah awaponye wagonjwa wetu, awape nguvu wanaowauguza, na atusamehe tulipokosea. Amin.

Wabillahi tawfiq.

(Tafadhali usisome karatasi hii Imamu anapohutubu. Ina jina la Allah, usiitupe ovyo. Mpe asiyekuwapo.)